Nani Analipia Utovu wa Nidhamu Shuleni?



Mzazi yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha shule ya bweni anaijua ile orodha. Mkuu wa shule anasimama na kuisoma: vioo vya madirisha, vitasa vya mabweni, madawati yaliyovunjika, mlinzi wa pili, kumalizia ukuta wa nyuma. Mama mmoja anainua mkono na kuuliza kwa nini alipie kioo ambacho mwanawe hakukivunja. Mara nyingi anajibiwa kwa mzaha, watu wanacheka, kikao kinaingia ajenda inayofuata. Sisi tunaona swali la mama huyo ni la haki kabisa na linastahili jibu. Utovu wa nidhamu unaigharimu shule kiasi gani, na hasa ni nani anayelipa?

Tunaandika tukiwa waseminari wa falsafa. Kila wiki tunatumwa kufundisha dini katika shule ya sekondari, na huko tunakaa na walimu, tunakunywa nao chai, tunasikia wanayoyasema wakiwa wamechoka. Hatuna utaalamu wa uongozi wa elimu. Lakini falsafa imetuzoesha kuuliza, kila mtu anaposema jambo fulani ni rahisi, limekuwa rahisi kwa nani.

Gharama inayoandikwa

Tuanze na gharama ya fedha, ambayo ndiyo inayosemwa zaidi ingawa kwa maoni yetu ndiyo ndogo.

Shule nyingi za bweni hutoza fedha ya tahadhari. Kila mwanafunzi analipa anapojiunga, mtulivu na mkorofi kwa kiwango kilekile. Kioo kikivunjika na mvunjaji asijulikane, fedha inatoka kwenye mfuko huo. Shule za umma zina hali ngumu zaidi. Tangu ada ilipoondolewa mwaka 2016 hadi Kidato cha Nne, shule hizo zinategemea ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kitasa kimoja cha maana, ukiongeza ufundi wake, kinaweza kumeza ruzuku ya mwanafunzi mmoja ya mwaka mzima. Hiyo ni chaki, karatasi za mitihani na vifaa vya maabara ambavyo havitanunuliwa.

Kuna pia gharama isiyoingia katika vitabu vya mhasibu wa shule kwa sababu inalipwa nje ya geti. Mwanafunzi anapewa barua: njoo na mzazi. Mzazi huyo anauza ndizi sokoni au analima kibarua kijiji kingine. Anapanda basi, anapoteza siku, anakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa nane kwa sababu makamu mkuu wa shule yuko darasani. Akifika ndani anazungumziwa dakika kumi, mara nyingi kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyeruka ukuta. Anaweka sahihi na kuondoka. Hatujaona shule inayopiga hesabu ya nauli hiyo.

Dakika tano

Sasa tuje kwenye gharama tunayoamini ni kubwa kuliko vioo vyote.

Mwaka 2018 Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi (OECD), ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, liliwauliza walimu wanautumiaje muda wa kipindi. Kwa wastani walijibu kwamba asilimia 78 ya muda inakwenda kwenye kufundisha na kujifunza, asilimia 8 kwenye shughuli za kiutawala kama kuita majina, na asilimia 13 kwenye kulituliza darasa.

Tuiweke asilimia hiyo 13 katika ratiba yetu. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo zinapotea dakika tano na kidogo. Mtu atasema dakika tano si kitu. Lakini siku yenye vipindi 8 inapoteza dakika zaidi ya 41, yaani kipindi kimoja kizima. Mwaka wa masomo huhesabiwa kuwa na siku 194; basi vinapotea vipindi 194, na ukivigawa kwa 8 unapata siku 24. Hizo ni karibu wiki tano za shule, kila mwaka, ambazo mwalimu yupo darasani, wanafunzi wapo, mshahara umelipwa, na hakuna somo. Na hesabu hii imetumia kipimo cha nchi ambazo madarasa yake mengi ni madogo kuliko yetu.

Tumekaa nyuma ya darasa na kuona dakika hizo zinavyokwenda. Mwalimu anaingia, anasubiri kelele zitulie. Anawatoa nje wawili waliochomekea vibaya. Anaanza kuandika ubaoni, nyuma kunatokea kicheko, anageuka na kuuliza ni nani. Hakuna anayejibu. Anasema hataendelea mpaka aliyecheka asimame. Wanafunzi sitini wananyamaza. Ukizidisha dakika tano kwa watoto sitini, hizo ni dakika 300 za watoto, saa tano, kwa ajili ya kicheko kimoja. Katika safu ya mbele kuna binti aliyekwisha kuandika kichwa cha somo na tarehe, kalamu iko mkononi, anasubiri. Jina lake haliko katika kitabu chochote cha adhabu, wala hakuna barua iliyotumwa kwao. Lakini ndiye anayelipa.

Hapo mwalimu mwenyewe hatujamhesabu. Katika shule nyingi makamu mkuu wa shule, au mwalimu wa nidhamu, ndiye pia mwalimu wa Fizikia au wa Hesabu, tena yawezekana ndiye pekee wa somo hilo. Kesi ya simu ikitokea saa tatu asubuhi, ikaandikwa maelezo, mashahidi wakaitwa, mzazi akapigiwa, kipindi cha Fizikia cha Kidato cha Tatu kimekwisha kupita. Jioni mwalimu huyo anapaswa kuandaa andalio la somo la kesho huku kichwa kimejaa ugomvi wa leo. Mwalimu mmoja alituambia kwamba mzigo mkubwa wa vipindi haumchoshi. Kinachomchosha ni kuingia darasani akiwa amejiandaa kugombana. Tunadhani alisema jambo ambalo walimu wengi wanalijua na hawapati pa kulisema.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anazungumzia haki ya mgawanyo, ile inayohusu jinsi mali ya wote inavyogawiwa kwa kila mmoja (Summa Theologiae II-II, swali la 61). Tunapolisoma fundisho hilo tumezoea kufikiria mashamba, vyeo na fedha. Lakini darasani mali ya wote iliyo adimu kuliko zote ni usikivu wa mwalimu. Ukiendelea kwenda kwa watatu walewale siku baada ya siku, wale hamsini na saba wamepunjwa, hata kama hakuna aliyekusudia kuwapunja, na hata kama wenyewe wamezoea kiasi cha kutolalamika.

Fimbo, njia ya bei nafuu

Katika mazungumzo ya chai, jibu linalokuja kwanza ni fimbo. Tulijadili kwa heshima, maana wanaolitoa si watu wabaya. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vipindi vingi anaona fimbo haina gharama: inachukua nusu dakika, haihitaji kikao wala karatasi, na kelele zinakoma. Wazazi nao wanakumbusha samaki mkunje angali mbichi, na wengine wanafungua Mithali 13:24.

Kwanza, tujue sheria ya nchi inasema nini, maana wengi hawaijui. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na kila adhabu inaandikwa katika kitabu. Mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike. Sasa tazama kinachotokea. Ukifuata kanuni kikamilifu, fimbo nayo ina urasimu wake: idhini, maandishi, kitabu. Inakuwa ya haraka pale tu kanuni inaporukwa. Ule unafuu wake wote uko katika kutoifuata sheria. Tunajiuliza mwanafunzi anajifunza nini kuhusu sheria kutoka kwa mtu anayemwadhibu kwa kuvunja sheria.

Pili, fimbo ina gharama zinazokuja baadaye, na nyingine hazilipiki. Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano aliyetuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu alifariki baada ya kipigo cha shuleni. Machi 2019 Mahakama Kuu mjini Bukoba ilimhukumu mwalimu wa nidhamu adhabu ya kifo. Mtoto alipotea, familia mbili zikaharibikiwa, shule ikabaki na jeraha, na chanzo chake ni mkoba. Hatusemi kila kiboko kinaishia hapo. Tunasema kwamba anayeingia njia isiyo na kipimo hajui itamfikisha wapi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikia miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuutenda. Kama kipigo peke yake kingeleta nidhamu, nchi yetu ingekuwa na shule tulivu kuliko zote.

Oktoba 2019 mabweni yaliteketea katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, baada ya mgogoro wa wanafunzi kukutwa na simu. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa viboko wanafunzi 14 mbele ya kamera. Nchi nzima ikabishana: wengine walimpongeza, wengine walimlaani. Katika mabishano yale sisi tuliguswa zaidi na jambo moja dogo. Watu walizungumza kwa wiki nzima kuhusu viboko, na ni wachache waliouliza vijana wengine wa shule ile walilala wapi usiku ule, na masomo yao yalisimama kwa muda gani.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo, anasimulia jinsi alipokuwa mtoto alivyomwomba Mungu asichapwe shuleni, na jinsi wakubwa walivyoucheka uchungu wake. Aliandika hayo akiwa askofu, mtu mzima mwenye kazi nyingi, na bado alikumbuka. Hakukana kwamba alikuwa mvivu na alipenda michezo kuliko vitabu. Alishangaa tu kwamba wale waliomchapa kwa ajili ya michezo walikuwa na michezo yao, wakaiita shughuli.

Je, Thomas anapinga adhabu? Hapana, na hapa tusimsingizie. Anasema (I-II, swali la 95, kifungu cha 1) kwamba wapo vijana wanaoelekea wema kwa maonyo ya baba, na wapo wagumu wanaohitaji nguvu ya sheria na woga, ili angalau waache kuwasumbua wengine, na wao wenyewe kwa mazoea wafike mahali pa kutenda kwa hiari yale waliyoyatenda kwa woga. Sababu zote mbili ni muhimu: amani ya wengine, na uponyaji wa mkosaji mwenyewe. Mahali pengine anasema adhabu za maisha haya ni dawa zaidi ya kuwa malipizi. Basi tuipime fimbo yetu kwa vipimo hivyo viwili. Kama baada ya mwaka mzima majina katika kitabu cha adhabu ni yaleyale ya mwaka jana, hiyo ni dawa ya namna gani?

Bili inayotumwa kwingine

Jibu la pili ni kumsimamisha masomo. Hili ni gumu zaidi, na tumelijadili kwa muda mrefu sisi kwa sisi bila kukubaliana kwa kila kitu.

Kuna hoja yenye nguvu upande wake. Tumekwisha kusema kwamba hamsini na saba wanapunjwa. Je, si haki yao kwamba wale watatu waondoke? Anayeuza bangi bwenini, anayewapiga wadogo, anayemnyanyasa binti njiani kutoka maktaba, anaweza kuwa hatari ambayo huruma yetu kwake inalipwa na wengine. Mzazi wa mtoto aliyepigwa hataki kusikia habari za kondoo mmoja aliyepotea; anataka kujua nani anawalinda wale tisini na tisa. Tunakubaliana naye. Kuna makosa ambayo shule inalazimika kumtenga mtu, na bodi ya shule imepewa mamlaka hayo kisheria. Anayewaambia walimu wavumilie kila kitu kwa jina la Injili anaitoa sadaka isiyo yake.

Lakini wengi wanaosimamishwa si hao. Mwaka jana tulimfahamu kijana wa Kidato cha Pili katika shule moja. Aliruka ukuta usiku kwenda kutazama mpira, akakutwa na simu. Alisimamishwa wiki tatu mwezi Oktoba. Alirudi Novemba kufanya mtihani wa upimaji, na alikuwa hajasoma mada mbili za mwisho za karibu kila somo. Hakufikia alama za kuvuka, akatakiwa kurudia darasa. Januari hakuonekana. Tulipouliza, wenzake walisema yuko stendi anapakia mizigo. Kwenye taarifa ya shule kesi yake imefungwa: kosa, adhabu, tarehe, sahihi. Shule haikutumia hata shilingi moja.

Je, ni kweli gharama haikuwepo? Ilihamishwa. Ilikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa amelipa michango ya miaka miwili. Ilikwenda stendi, na labda siku moja itakwenda polisi au zahanati. Sehemu yake ilikuja parokiani, maana jina lake liko katika daftari la Kipaimara. Shule inayomtoa mwanafunzi bila kumkabidhi kwa mtu imeituma bili mahali ambapo hakuna anayeisubiri.

Vilevile kuna gharama ya kutosikia, na hiyo majirani zetu wa Kenya wameilipa kwa machozi. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 waliteketea bwenini usiku kwa moto uliowashwa makusudi. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Manung'uniko ya wanafunzi yalikuwepo kabla ya moto. Mwaka huohuo Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni. Moto haukukoma kwa sababu hiyo. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja nchini humo zilikumbwa na moto, hasa mabwenini. Wapo wanaosema: mnaona, fimbo imeondoka na moto umezidi. Sisi tunasoma historia hiyo tofauti. Kuondoa fimbo ni kuondoa kitu kimoja. Kama hakuna mtu mzima aliyewekwa mahali pake, mwenye muda wa kukaa na vijana hao na kuwasikiliza, nafasi inabaki tupu, na nafasi tupu haiwezi kulea mtoto.

Uwepo nao una bei

Mtakatifu Yohane Bosko alianza Torino, Italia, kati ya vijana ambao wengine walikuwa wametoka gerezani. Mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi ya njia yake, ambayo aliiita ya kuzuia, akiitofautisha na ile ya kukandamiza. Njia ya kukandamiza inatangaza sheria kisha inasubiri mkosaji. Njia ya kuzuia inatangaza sheria kisha mlezi anakaa pamoja na vijana, ili kukosa kuwe kugumu na kusaidiwa kuwe rahisi. Nguzo zake ni akili, dini na upendo unaoonekana. Wasalesiani wanaendelea na kazi hiyo hapa kwetu pia, kwa mfano Dodoma na Iringa.

Mara nyingi njia hii inahubiriwa kana kwamba haina gharama, kana kwamba inatosha mwalimu kutabasamu. Bosko mwenyewe hakudanganyika. Katika barua yake kutoka Roma ya Mei 10, 1884, anasikitika kwamba walezi hawaonekani tena uwanjani wakati wa mapumziko. Wanatembea wenyewe kwa wenyewe wakizungumza, au wanawatazama vijana kwa mbali. Nyumba ilikuwa imekua, kazi zimeongezeka, na kitu cha kwanza kilichokatwa ni muda wa kukaa na vijana. Tunapoisoma barua hiyo tunaona chumba cha walimu cha shule zetu saa nne asubuhi: kila mtu ameinamia chai na simu yake, na uwanja mzima umeachiwa viranja. Hatuwalaumu, hiyo ndiyo dakika ishirini pekee wanayopumua. Lakini makosa mengi ya siku huzaliwa katika dakika hizo.

Kwa hiyo kuzuia nako kunagharimu. Kunagharimu saa za watu wazima. Mwalimu wa ushauri nasaha hawezi kufanya kazi hiyo akiwa na vipindi sawa na wengine wote. Shule inayompunguzia vipindi vinane kwa wiki inalazimika kumpata wa kuvifundisha. Patroni anayelala karibu na bweni na kuwajua vijana kwa majina lazima alipwe vizuri kuliko anayekuja kufunga mlango tu. Aristotle anasema katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako kwamba fadhila haziingii kwa mafundisho tu, zinapatikana kwa kutenda mara nyingi, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mtoto aliyevunja dawati akikaa Jumamosi mbili na fundi wa shule, akashika randa, akalitengeneza yeye mwenyewe, anajifunza kitu. Lakini fundi naye amepoteza muda, maana kazi ya saa moja imemchukua saa tatu. Ni gharama, na tunaona ni matumizi mazuri kuliko kumpeleka mtoto kufyeka nyasi wakati wenzake wako darasani, ambako kunamwongezea ujinga juu ya ukorofi.

Fedha hizo na saa hizo zitoke wapi? Hapa ndipo parokia inapoingia. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis la 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sisi tumelifanya fundisho hilo kuwa la siku ya ubatizo. Baada ya hapo mtoto anakabidhiwa shuleni akiwa na godoro na ndoo, na mzazi anarudi kuonekana akiitwa kwa kosa. Katika parokia zetu kuna walimu wastaafu ambao bado wana nguvu na wanapenda vijana. Kuna UWAKA na WAWATA wenye vikao kila mwezi. Kuna vijana wa TYCS ndani ya shule zenyewe, wanaojua kabla ya mwalimu yeyote nani ameanza kutoroka na kwa nini. Na kila mwanafunzi Mkatoliki anayesimamishwa anarudi kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo fulani, yenye mwenyekiti na katibu. Kama shule ingemjulisha paroko, kwa ridhaa ya mzazi, na jumuiya ikampata mtu wa kumsomesha kijana zile mada mbili katika wiki tatu za adhabu, adhabu ingebaki adhabu, na kijana angeingia mtihani akiwa na kitu kichwani. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu mwenye saa mbili jioni.

Tumemweleza mkuu wa shule tunakofundisha jambo hili. Alisikiliza, akasema ni zuri, kisha akauliza: huyo mtu wa saa mbili, atakuja kweli, au atakuja wiki ya kwanza tu? Hatukuweza kumjibu kwa niaba yenu. Tunaliacha swali lake kwa jumuiya zitakazosoma somo hili, pamoja na mengine machache ya kujadiliana.

Maswali ya kujadili

Katika jumuiya yetu, kuna kijana aliyesimamishwa au kuacha shule mwaka huu? Nani alikwenda kumwona, na siku hizi anashinda wapi?

Kwenye kikao kijacho cha wazazi, pamoja na bei ya vioo, je, tunaweza kumwomba mkuu wa shule atuambie ni vipindi vingapi muhula huu havikufundishwa kwa sababu mwalimu alikuwa kwenye kesi za nidhamu?

Mwalimu mstaafu aliye jirani nasi, je, amewahi kuombwa na mtu yeyote?